Macho ya Barend Appolis

Siku Barend Appolis alipowazamisha watalii wanane wakatazame mwani, bandari ndogo ya Kleinbaai nzima ilipata habari kabla mashua haijapandishwa nchi kavu. Trekta lilikuwa bado linarudi kinyumenyume majini kuifuata, na tayari muuza tiketi alikuwa anacheka, mkaanga maandazi alikuwa anacheka, na kati ya wale wanawake wawili wanaoosha suti za kuzamia nyuma ya ofisi mmoja alikuwa amenyamaza ghafla, kwa sababu mwenzake alikuwa mke wa Barend.

Sanna, mwenzake wa kwenye pipa la maji, ndiye aliyemwambia. Alimwambia taratibu huku akijifanya anatafuta sabuni, maana habari mbaya ni heri uisikie kwa rafiki. Kwamba Barend, akiwa kwenye nafasi yake ya mtazamaji wa papa, sitaha ya juu, aliita kwa sauti yake ile ile ya miaka ishirini na mitatu: chini, kushoto. Kwamba watu wanane waliokuwa ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa mashua, vichwa nje ya maji, meno yakigongana kwa baridi, walivuta pumzi wakazama wote kwa pamoja. Na kwamba kilichopita mbele yao ni mwani, urefu wa watu wawili, ukijipinda polepole kama bibi anayetoka sokoni na hana haraka. Walipoibuka, mama mmoja wa Kijerumani aliuliza kwa adabu papa atafika saa ngapi.

"Ni mara ya tatu mwezi huu, Grieta," alisema Sanna. "Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu."

Grieta Appolis aliendelea kusuuza. Alikuwa na miaka kumi na sita kwenye mapipa yale, na alijua wanachofanya matajiri ndani ya suti za mpira pale samaki mkubwa kuliko gari anapowageukia. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Grieta alikuwa na siri za mataifa yote. Lakini siri iliyomkaa kooni siku hiyo ilikuwa ya nyumbani kwake.

Maana alijua. Alijua tangu mumewe aanze kutumbukiza ncha ya kidole kikombeni ili asimwage chai. Alijua tangu Barend aseme amechoka kuendesha gari, binti yao Zelda aendeshe, vijana wa siku hizi wanapenda gari. Jumapili moja baada ya kanisa alimwona akilisalimia pipa la taka la jirani na kuliuliza hali ya watoto. Grieta alicheka siku ile, na Barend akacheka pia, akasema ni jua la baharini, chumvi, uzee, mambo ya kupita. Wakakubaliana kuwa ni mambo ya kupita, kama watu wengi wanavyokubaliana juu ya jambo ambalo hawataki kulitazama.

Zamani kosa moja lisingekuwa kitu. Zamani papa weupe walikuwa wanakuja mmoja nyuma ya mwingine, na hata mtu aliyesinzia pale juu angeita akapatia. Lakini nyangumi wauaji walipoanza kuwinda pwani hii na kuwatoa maini, papa weupe walikimbia, na mwezi huu ulikuwa wa kumi na nne hajaonekana hata mmoja. Waliobaki ni papa shaba, wazuri, wengi, wenye adabu zao. Watalii walifika wakiwa na picha ya papa mweupe kichwani na kuondoka na papa shaba kwenye simu. Siku hizi kila kivuli majini kilikuwa na thamani, na mtu wa kuvisoma vivuli alikuwa mmoja tu.

*

Jioni hiyo walitembea pamoja hadi mtaani kwao Blompark, Barend mbele, mikono mfukoni, akiijua barabara kwa miguu. Alipofika kwenye lango lao alinyoosha mkono kulifungua, na kitu chenye maji na utelezi kikampiga usoni.

Mtu alikuwa amelivika lango mwani. Bonge la mwani, limefungwa kwa kamba ya plastiki, fundo zuri kabisa.

Barend alisimama palepale. Hakutukana. Alilipapasa lile fundo kwa vidole akalitambua ni la baharini, maana yake ni la mtu anayemjua, kisha akapita akaingia ndani. Hilo ndilo lililomuuma Grieta: si mwani, bali kwamba mumewe hakuuona mpaka ukamgusa uso.

Alileta kisu akaukatakata, akautandaza kwenye tuta lake la viazisukari. Mwani ni mbolea nzuri. Alipokuwa akiukata alimkumbuka baba yake, ambaye alikuwa mtu wa nyavu zinazovutwa kutoka ufukweni. Yeye Grieta, msichana wa miaka minane, alikuwa anapandishwa kwenye kilima cha mchanga na kitambaa chekundu, atazame baharini. Akiona doa jeusi atikise kitambaa, na wanaume wasukume boti na wavu. Mara ya kwanza alitikisa kwa sababu ya mwani, na wanaume kumi na mmoja walivuta wavu mtupu. Baba yake hakumpiga. Alimwambia tu kuwa mwani unakwenda na maji, samaki anakwenda na nia yake, basi asitazame rangi, atazame mwendo. Alikaa kwenye kilima kile miaka tisa na hakukosea tena.

Ndani, Barend alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko. Nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Kila jioni Grieta alipokuwa anamenya viazi, Barend alimsimulia papa wa siku hiyo: mmoja mmoja, alitokea upande gani, alikuwa na kovu wapi, aligeuka vipi. Kila mmoja alimmalizia kwenye mkia. Miaka ishirini na mitatu Grieta alisikiliza kwa sikio moja, maana lingine lilikuwa kwenye sufuria, na mara nyingi mkia ulipofika yeye alikuwa ameshaanza kuuliza kama mkate utatosha. Hakuwahi kupanda mashua. Wake za mabaharia hawapandi, nani atalipa nafasi ya mtu asiyelipa?

Leo hakusimulia. Alisema Tertius anataka cheti cha macho ifikapo Ijumaa. Tertius ndiye nahodha na ndiye mwenye mashua, kijana waliyemwona akikua.

"Bila cheti sipandi juu," alisema Barend. "Amesema kwa upole. Ningependa angefoka."

"Basi twende wakupime," alisema Grieta.

"Nikapimwe nini? Mimi naona." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayepanga wizi: "Ile karatasi ya herufi pale kliniki, iko ukutani tangu mwaka tuliooana. Haijawahi kubadilishwa."

Zelda, aliyekuwa bado amevaa fulana ya dukani anakofanya kazi ya keshia, aliinua kichwa. Mama yake alimtazama asiseme, lakini msichana alikuwa ameshaelewa. Kesho yake alipata kikohozi cha ghafla, akaenda kliniki, akarudi na picha ya karatasi ile kwenye simu.

Siku tatu nyumba iligeuka darasa. Zelda aliandika herufi kwa kalamu nene, Grieta akaishika karatasi ingawa moyo wake haukutaka, na Barend akazikariri mstari kwa mstari, mbele hata nyuma. Alizitaja akinyoa ndevu. Alizitaja akifunga viatu. Siku ya Alhamisi alikuwa anazisema kwa madaha, anasita kidogo kwenye mstari wa chini na kufinya jicho, ili ionekane anatafuta.

"Baba, umezidi," alisema Zelda. "Ukifinya hivyo atakupa tuzo."

Barend alicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile chakula kilishuka.

*

Muuguzi wa kliniki aliitwa Nozuko, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyewadunga sindano nusu ya watoto wa mji. Alimketisha Barend kwenye kiti, akampa kijiko cha plastiki cha kufunika jicho la kushoto, akamwambia asome anachokiona ukutani, kuanzia juu.

Barend alisoma. Alishuka mstari hadi mstari bila kukosea, akasita pale alipopanga kusita, akafinya pale alipopanga kufinya, akamaliza. Kisha akahamisha kijiko kwenye jicho la pili akaimba upya. Grieta, aliyekaa nyuma kwenye benchi na mkoba magotini, alikuwa ametazama ukutani tangu mwanzo. Alitamani sakafu ifunguke. Hakuweza kumkatiza mumewe mbele ya mtu, na hakuweza kumwacha aendelee, basi akabaki akiukamua mkoba.

"Umesoma vizuri sana, Baba," alisema Nozuko. "Herufi zote. Ila ile karatasi niliitoa jana, pembe zilikuwa zimechanika. Hapa leo nimebandika ya watoto wa chekechea. Ni picha."

Kijiko cha plastiki kilikuwa bado mkononi mwa Barend, mbele ya jicho.

"Si wewe wa kwanza," alisema muuguzi. "Kila mwaka mmoja wenu wa mashua ananiimbia wimbo huo. Lete uso hapa."

Alimulika kwa tochi ndogo, jicho moja kisha la pili, muda mrefu. Akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na wa kulia amekomaa. Hakuwa na haraka ya kuwatisha. Alieleza kuwa huo si mwisho wa macho: unapasuliwa, unawekewa kioo kidogo, unarudi nyumbani siku ileile, na hospitali ya serikali haikutozi kitu. Taabu ni foleni. Foleni ilikuwa ya miezi kumi, pengine mwaka. Aliandika jina la Barend na namba ya simu ya Zelda, akasema mara nyingine mtu hafiki siku yake na nafasi inakuwa wazi, basi simu isizimwe. Halafu akasema kile alichokuwa nacho tangu mwanzo.

"Ungekuja mwaka juzi, Baba, leo ungekuwa unaona. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na pale juu si wewe peke yako, kuna watu ndani ya kile kizimba."

Walitoka. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umeanza kurusha mchanga barabarani. Walitembea mpaka karibu na duka la mikate ndipo Barend alipozungumza.

"Zilikuwa picha gani?"

Grieta alifikiria kudanganya, akaona uongo wa wiki ile umetosha. "Nyumba. Ua. Kikombe. Mstari wa chini kulikuwa na mwavuli na samaki."

"Samaki?"

"Samaki."

Barend aliinamisha kofia. Alisema samaki hakumwona. Grieta alimshika mkono barabarani mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu siku ya harusi, na hakujali nani alikuwa anatazama.

*

Tertius aliposikia hakupiga kelele wala hakumfukuza. Alisema nafasi ya juu itashikwa na Elrico, kijana aliyekuwa akirusha kamba ya chambo, na kwamba kwa Barend ipo nafasi ya kata. Kata ni ile ya supu: damu, mafuta na vichwa vya samaki vilivyopondwa, unachota pipani na kumwaga baharini kidogo kidogo ili harufu iwaite papa. Ni kazi anayopewa mgeni wa siku ya kwanza. Mtu hunuka mpaka kwenye mto wa kulalia.

"Nilianza na kata hiyo," alisema Barend. "Baba yako ndiye aliyenipandisha juu. Sishuki kwa mkono wako."

Akavua koti lenye jina la kampuni, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya meza.

Nyumbani Grieta hakumlaumu, lakini alisononeka. Barua ya kodi ya manispaa ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani, na mshahara wa kuosha suti ni wa kununulia mkate, siyo wa kuendeshea nyumba. Zaidi ya fedha, alimwogopea mtu mwenyewe. Siku mbili Barend alikaa kitini, kofia kichwani, akielekeza uso dirishani ambako hakuona kitu. Mwanamume aliyezoea kutazama kilomita za maji sasa alikuwa anatazama pazia.

Mashua zile zilikuwa na desturi yao: mtu anayeacha kazi hupelekwa baharini mara moja ya mwisho pamoja na jamaa zake, bure, kama wageni. Wake huvaa nguo za kanisani, hula maandazi ya nyama ya watalii, hupigwa picha, na safari ikiisha mambo yameisha. Tertius alituma ujumbe kuwa nafasi ni Jumamosi. Barend alisema haendi kuzikwa akiwa hai.

"Tunakwenda," alisema Grieta.

"Wewe unataka kwenda kufanya nini? Utatapika tangu bandarini."

"Nitatapika basi. Miaka kumi na sita naosha nguo za watu waliomwona huyo samaki, na ishirini na mitatu nasimuliwa wakati kitunguu kinaungua. Hata kama ni shaba, nataka kuona mara moja. Na wewe utakaa kando yangu, kwa sababu mimi sijui kuogelea."

Barend akauliza viatu vyake vya mpira viko wapi.

*

Jumamosi bahari ilikuwa kijani na laini. Zelda alivaa suti ambayo mama yake mwenyewe aliiosha Ijumaa, na kwa hilo alikuwa na amani kuliko wageni wengine saba. Grieta alitapika mara moja, karibu na mawe ya kisiwani wanakoota jua wanyama wa baharini waitwao sili, akasafisha kinywa kwa chai nyekundu ya rooibos na kutangaza kuwa sasa yuko tayari. Yeye na Barend walipewa benchi la nyuma, sitaha ya juu. Mbele yao alisimama Elrico na miwani mipya ya jua. Alipowasalimia hakuweza kumtazama mzee usoni, na Grieta akajua ni nani aliyefunga fundo langoni. Alimpa andazi, na Elrico akalipokea akiwa mwekundu mpaka masikioni.

Kijana hakuwa mbaya kazini. Shaba walikuja mapema, sita, saba, na kila mara aliita sawasawa, watu wakazama, wakaibuka wakipiga vifijo. Grieta alisimama akashika chuma kwa mikono miwili. Maji kwa chini yalikuwa kama uwanja wenye watu wanaopita, na jicho lake, ambalo kwa miaka lilikuwa linatazama zipu na vifungo, lilinyooka kama mtu aliyeinuka kitandani baada ya ugonjwa mrefu. Alianza kumwambia mumewe wako wapi. Yule amepita chini ya injini. Wale wawili wanafuatana. Barend alitikisa kichwa tu.

Kisha wakaacha kuja. Elrico alisubiri kidogo, akatangaza kuwa huenda wameshiba, akaufungua mfuko wa maandazi. Tertius alitazama saa. Kizimbani watu walianza kutazamana na midomo ya buluu.

"Shaba wamekwenda?" aliuliza Barend.

"Wamekwenda."

"Mmoja mmoja, au wote kwa mpigo?"

Grieta alifikiri. "Wote kwa mpigo. Kama watoto mwalimu akiingia."

Barend aliivua kofia yake. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya jioni, ya karibu na jiko, lakini bila utani. Alimwambia atazame nyuma ya mashua, kwenye kina, asitafute papa, atafute doa lolote. Grieta alitazama. Alisema hakuna kitu, kuna mwani tu, bonge, mbali, chini sana.

"Supu inaelea kwenda wapi?"

"Inakwenda kisiwani."

"Na huo mwani wako?"

Grieta alijikuta amesimama kwenye mchanga wa moto, kitambaa mkononi, wanaume kumi na mmoja wakingoja chini. Usitazame rangi.

"Unatoka kisiwani," alisema. "Unakuja huku. Barend, mwani huu unakwenda kinyume na maji."

Barend alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga. Mkono wake ulitafuta chuma, ukakishika, na mkewe aliona hofu yake waziwazi: kukosea mara ya nne, mbele ya wageni, mbele ya Tertius, mbele ya mtoto wake.

"Una hakika?"

"Nilisimama kilimani miaka tisa. Ita."

"Chini," aliita Barend Appolis. "Nyuma, kulia. Chini wote."

Elrico aligeuka na andazi mdomoni. Akatazama kule, akaona lile doa, akatabasamu kwa huruma. "Mzee, ule ni mwani," alisema, na mrusha chambo kwa chini akacheka. Kizimbani wageni waliinua nyuso, hawajui wamsikilize nani. Lakini Zelda alikuwa ameijua sauti ile tangu tumboni. Alivuta pumzi, akamshika jirani yake bega, akazama.

Alikuja bila haraka yoyote. Grieta alimwona akipanda kutoka kwenye kijani, mgongo wa kijivu, mpana kuliko meza ya kanisani, mrefu kuliko kile kizimba kwa mbali. Alipofika mbele ya chuma aligeuka ubavu, na weupe wa tumbo lake ukamulika maji mpaka juu. Hakuna aliyepiga kifijo. Hata sili kule maweni walikuwa kimya. Alizunguka mara tatu, na mara ya tatu wageni wote wanane walikuwa chini, na Tertius alikuwa amesimama usukani na mkono kifuani kama mtu anayesikia wimbo wa taifa. Papa mweupe, baada ya miezi kumi na minne. Halafu akashuka alikotoka.

Zelda aliibuka akilia na kucheka, akanyoosha kidole juu kwa baba yake, akisahau kuwa baba yake haoni kidole.

Tertius alipanda ngazi. Alisimama mbele yao, akauliza umemwonaje, Mzee Barend, umemwonaje na macho hayo.

Barend angeweza kunyamaza. Neno moja tu la kujigamba, na pale mashuani wangemwamini lolote kwa mwezi mzima. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Sikumwona," alisema. "Sijamwona hata sasa. Aliyeona ni huyu. Mimi niliuliza maswali tu." Kisha akaongeza, kwa shida, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe: "Tertius, ile kata bado haina mtu? Supu naijua kwa pua. Nikiwa chini na yeye akiwa juu, tutasikizana."

Tertius alimtazama Grieta, gauni lake la kanisani, viatu vyake vya ngozi vilivyoloa. Alisema anaweza kujaribu, Jumatatu, kwa sasa kwa malipo yale yale ya kuosha.

"Kwa malipo ya mtu wa juu," alisema Grieta. "Suti ataosha Sanna na mwenzake utakayemtafuta. Na Elrico hatafukuzwa, kamba anaijua. Afundishwe tu kutazama mwani."

Elrico alimeza andazi. Tertius akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwenye bei na kuridhika, akasema Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, avae suruali.

*

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo Sanna alivyosema alipopita jioni kupata habari, akaondoka na nusu ya habari na viazisukari vitatu. Lango halikuwa na kitu. Simu ya Zelda ilikuwa mezani kati ya mkate na siagi, imechajiwa mpaka mwisho, na kila ilipolia wote watatu walishtuka, ingawa ilikuwa ni rafiki zake wakiuliza juu ya papa.

Grieta alikuwa ameketi kwenye kiti cha Barend, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Barend alikuwa mahali pa Grieta, kisu mkononi, akimenya viazi kwa kupapasa na kuacha maganda manene ambayo siku nyingine yangemletea maneno. Alitaka asimuliwe tangu mwanzo. Alimrudisha kila aliporuka. Kovu lilikuwa upande gani? Pezi la juu lilikuwa zima au lina pengo? Aligeukia kulia au kushoto? Grieta alifumba macho akamjibu, akashangaa kuwa yote yalikuwa bado mle ndani, hata mstari wa kijivu unapokutana na weupe.

"Basi," alisema mwishowe, "akashuka, akaenda zake. Mkate utatosha?"

Barend alichukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi akitafuta pa kuanzia.

"Mkate ngoja," alisema. "Hujafika kwenye mkia."